Hina Miguuni mwa Mkwe Wangu

Mtu aliyepakwa hina hana pa kwenda. Mikono imetandazwa juu ya mito, miguu imenyooshwa mkekani, na hata nzi akimtua puani hana budi kumwomba mwenziwe amfukuzie. Kinachobaki huru ni ulimi tu. Nimewapaka hina na piko jeusi wanawake wa Mjini na wa Ng'ambo kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na siri nyingi za kisiwa hiki nimezisikia kwa watu waliokuwa wakingoja miguu yao ikauke. Nilizisikia na nikazikalia. Mpaka hina akiwa mmbea atabaki na bakuli lake.

Wapo wanaosema kazi yetu si sanaa, sanaa ni mashairi ya wanaume na milango ya nakshi. Waseme. Mlango huchongwa mara moja ukawaona wajukuu na vitukuu. Ua langu lilikuwa linafutika kwa sabuni na maji ya kuoshea vyombo, na bado nililichora kama kwamba litaulizwa Akhera. Nikitumia njiti ya ukuti niliyoichonga mwenyewe kwa wembe, nyembamba kama sindano ya kufumia. Mkono wangu ulikuwa hautetemeki. Walikuwa wakiniletea maharusi wenye hofu, wanatetemeka wao mwili mzima, na mimi nauchora mshipa wa jani palepale penye mtetemeko bila kuvuka mstari. Kwa hiyo nikisema kwamba siku moja mkono huo ulinishinda, naomba niaminiwe kwamba halikuwa jambo dogo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, siku mbili kabla ya harusi ya binti yangu. Nilikuwa mtu mzima, nimeshauingia mwaka wa arobaini, na mtoto wangu alikuwa huyo mmoja tu. Nilimzaa wakati wa vita vile vikubwa vya wazungu, mchele ulipoadimika tukazoea mihogo na mtama. Nilipomzaa nikashikwa na homa ya uzazi. Maziwa yakakauka, nikalala sijijui si mchana si usiku. Mama yangu alipoona kitoto kinanyong'onyea, akakifunga kwenye kanga akaenda nacho Bwejuu, kwa somo yake wa zamani, kwa sababu kule kulikuwa na mbuzi. Nilipopata nafuu akanirejeshea mwanangu, mashavu yamejaa, mikono imekatika mikunjo. "Maziwa ya mbuzi wa Bwejuu," akasema. Tukamsifu mbuzi huyo miaka yote. Binti akishinda mchezo, mbuzi. Akihitimu msahafu, mbuzi. Baba yake, aliyekuwa mshona kanzu na mtu wa utani, alikuwa akisema tukimwona mbuzi huyo tutampa mkono wa Idi. Mimi sikupata mtoto mwengine tena.

Huyo mwanangu ndiye aliyeposwa na mchonga milango wa Ng'ambo. Kijana mtulivu, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya Ijumaa. Posa ilipokubaliwa alimletea kisanduku cha msaji cha kuwekea vidani, mfuniko wote umechongwa maua ya mrengaranga, ua kwa ua. Binti alikaa nacho mapajani akikipapasa mpaka nikamwambia atakimaliza nakshi. Kijana mwenyewe, binti alishamwona mara kadhaa, kwa kumchungulia dirishani akipita uchochoroni na msumeno begani. Yeye kijana hakuwa amemwona. Alichokiona ni buibui jeusi likipita na mama yake, na macho akayainamisha kama alivyofunzwa. Siku hizo ilikuwa hivyo. Mwanamume aliuona uso wa mkewe siku ya kuingizwa ndani, na mimi niliyekuwa nikisimama pale na bakuli langu nimewaona wengi wakiuona.

Kabla ya kukubali tuliuliza yote yanayoulizwa. Anasali? Anasali. Mlevi? Hapana. Ana mke mwengine? Hana. Kwao kuna maradhi ya kifafa, ya ukoma? Hakuna. Ni watu wa wapi? Watu wa Ng'ambo, baba fundi, babu fundi. Mume wangu akaridhika, na mama yangu akasoma Fatiha. Hakuna aliyeuliza habari za maziwa. Nani angeuliza, na sisi tulijua mtoto wetu amelelewa na mbuzi?

Na mama yangu sina budi kumweleza kidogo, maana kisa chote kimekaa kwake. Alikuwa bado hai, anaishi chumba cha ghorofani, macho yameshaingia kiza, ngazi haziwezi tena. Wageni hawakupanda kwake na yeye hakushuka. Starehe yake ilikuwa ugoro. Na alikuwa na ada moja iliyotuchekesha nyumba nzima: watu wote hupiga chafya kisha wakahimidi, yeye alihimidi kwanza. Ataanza "Alhamdulillahi" kwa sauti ya kuvuta kama anayeanza kasida, atanyamaza, nyumba nzima itangoja, kisha ndiyo ije chafya ya kutikisa mitungi. Nilimwuliza sababu. Akasema anachelea kufa katikati ya chafya akawa hajashukuru.

Basi. Mama wa bwana harusi, mkwe wangu, nilimwalika aje nimpake kwa mkono wangu mwenyewe. Ningeweza kumpelekea mwanafunzi wangu, lakini mtu unayempa mwanao humpelekei mwanafunzi. Alikuja asubuhi, mwanamke mnene, mcheshi, akicheka anacheka na mabega. Tulikuwa tumeonana mara chache tu, kwenye shughuli za posa, kwa heshima na maneno ya juujuu. Nikamketisha chini ya dirisha, nikampa mito, nikamwosha miguu kwa maji ya waridi.

"Mkwe, usinijaze maua," akaniambia. "Nishakuwa mtu mzima miye."

"Mama wa bwana harusi hana utu uzima," nikamjibu. "Tulia."

Nikaanza na mikono, nikaimaliza, nikaiweka mitoni. Nikauingia mguu wa kulia. Yeye alikuwa anazungumza, kama wanavyozungumza wote. Alinieleza mwanawe alivyokuwa mtundu, alivyokula udongo, alivyokataa kuachishwa ziwa.

"Lakini si kosa lake," akasema. "Miye nlikuwa na maziwa, mkwe, we acha. Mama yangu akiniambia ningetosha kijiji kizima. Nlipokwenda kujifungua mdogo wake, yule aliyetangulia mbele ya haki, nlinyonyesha wawili kwa pamoja. Wangu, na kitoto cha watu, yatima."

"Mungu akulipe," nikasema. Nilikuwa kwenye kisigino, pahala pagumu. "Hapo Ng'ambo?"

"Ng'ambo nani azae wakati ule wa vita, na njaa ile? Nlikwenda kwa mama, Bwejuu."

Sikushituka bado. Bwejuu ina watu wengi. Lakini niliisikia njiti inazama kidogo kuliko nilivyotaka.

"Yatima wa nani?" nikauliza.

"Wa huku Mjini. Kaletwa na bibi yake, kimezingwa kwenye kanga hata uso hauonekani. Kilikuwa kitoto cha kike. Mama yake kafa kwa uzazi, maskini. Kapewa maziwa ya mbuzi kayakataa, kila akinywa anatapika. Yule bibi akanijia na machozi, nimsitiri. Nami n'na maziwa yanamwagika, ntamnyima kwa nini? Nlimnyonyesha tangu wamefika mpaka wameondoka, akawa kama wangu."

Nikashusha pumzi. Mama yake kafa. Basi si sisi, nikajiambia, mimi si huyu hapa nimekaa na bakuli? Ni mtoto mwengine, bibi mwengine. Nikaanza jani jipya. Nakumbuka furaha ile ya pumzi moja, na mpaka leo naionea huruma.

"Na yule bibi alikuwa na vituko," akaendelea, na mabega yameshaanza kucheka. "Akivuta ugoro wake, watu tunakaa tunamtazama. Kwa sababu yeye, mkwe, anahimidi kabla hajapiga chafya."

Njiti ikasimama. Nikainamisha kichwa karibu ya mguu wake asiuone uso wangu, na nikaomba. Sijapata kuomba dua ya ajabu kama ile: nilimwomba Mwenyezi Mungu ugoro wa mama yangu uwe umekwisha.

Ukatoka juu ya dari, ule mvuto ule ule: "Alhamdulillahi."

Kicheko cha mkwe wangu kikakatika nusu. Tulikaa, watu wazima wawili, tunangoja chafya. Ikaja. Vikombe vikagongana kabatini.

Mkono wangu ukaruka. Mstari ukatoka kwenye jani ukapanda mpaka karibu ya kifundo cha mguu, mnene, mweusi, mbaya. Sikuufuta.

"Nani huyo juu?" akauliza polepole.

"Mama yangu."

"Mama yako mzazi?"

"Mzazi."

Akaitazama dari, akanitazama mimi, akarudi darini. "Na mama wa yule yatima?"

"Ni miye," nikasema. "Sikufa."

Akataka kuinuka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasikia mdomo wangu unamwambia: "Kaa, utaiharibu." Mtu anaweza kuwa amepigwa na butwaa mpaka mifupani na ulimi wake ukaendelea na kazi ya kila siku. Akakaa. Mikono yake iko mitoni, machozi yanamtoka na hawezi kujifuta, nikamfuta mimi kwa ncha ya kanga yangu. Mtu asiyejua habari za kwetu huenda akashangaa tulilia nini. Kwetu ziwa ni kama tumbo. Mtoto akinyonya kwa mwanamke amekuwa mwanawe, na wanawe wamekuwa ndugu zake. Wanaweza kukaa pamoja, kula pamoja, kusafiri pamoja, na hawawezi kuoana kamwe.

Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, "Mkwe. Hakuna anayejua. Ni sisi wawili tu na bibi yule."

Sikumlaumu, kwa sababu alilisema lililokuwa linanipitia mimi mwenyewe. Pilau lilikuwa limeshanunuliwa viungo. Binti yupo chumba cha nyuma, amepakwa singo ya kulainisha ngozi mwili mzima, anajifunza kutabasamu bila kuonyesha meno. Mwanawe anamalizia kitanda cha harusi. Kunyamaza kungekuwa rahisi kuliko kuinuka pale mkekani.

"Na Mwenyezi Mungu," nikasema.

Akafumba macho. "Naye pia," akasema.

Tulikaa mpaka hina ikakauka. Nilimkwangua, nikampaka mafuta, na ule mstari ulikuwa pale umeshika rangi kuliko ua lolote. Hakuondoka. Alisema anataka kumwona bibi.

Tukapanda. Mama alikuwa amekaa kitandani na tasbihi yake. Mkwe wangu akasimama mlangoni akasema, "Shikamoo, bibi." Na mama, aliyekuwa hawezi kuona mkono wake mwenyewe, akainua kichwa. Kisha akasema, "Marahaba. Wewe ni wa Bwejuu."

Nikashika mwimo wa mlango. Nilikuwa bado, mpaka dakika ile, na uzi mwembamba wa matumaini, kwamba ugoro ni ugoro na wazee wote wana vituko.

"Mama," nikamwambia, "ulisema ni mbuzi."

"Alikataa mbuzi."

"Ukasema nimekufa."

"Ulikuwa ushakufa, mwanangu. Wewe hukujiona. Nilikuacha hapa wameshakuelekeza kibla. Nilichukua mtoto nikaenda nikijua nikirudi nitakuta kaburi. Ulipofufuka, nitasema nini? Kwamba nilikuzika kwa mdomo wangu?"

Nilitaka kughadhibika na ghadhabu haikupata pa kukaa. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema habari ya kunyonya, hata baadaye, hata mara moja, akiwa anajua fika kwamba mtoto akinyonya kwengine sharti ndugu wajulishwe. Akaizungusha tasbihi.

"Wakati ule tulikuwa watu wakubwa," akasema. "Mtoto wa nyumba hii, kanyonya shamba kwa mke wa fundi? Nikasema nitasema kesho. Kisha mbuzi akapendwa na kila mtu." Akanyoosha mkono hewani, akitafuta. Mkwe wangu akampa wake. Mama akaubusu, kiganja na mgongo, ile hina mpya bado inanuka, na hapo ndipo alipolia.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Mama yangu alificha aibu isiyokuwa aibu, ya mtoto kuokolewa na mwanamke wa shamba, na aibu yenyewe ikakua naye mtoto mpaka ikaposwa.

Mume wangu alipoambiwa alicheka kwanza, akidhani ni masihara mengine ya mbuzi. Kisha akavaa koti akaenda kwa sheikh wa mtaa wetu. Sheikh akaja mwenyewe, akakaa nyuma ya pazia, akamwuliza mkwe wangu taratibu kabisa. Nilikuwa nimeshikilia sababu mbili. Ya kwanza, kwamba pengine mtoto alionja tu, na sheria inataka anyonye akashiba mara tano. Mkwe wangu akasema siku ya kwanza tu ilipita tano. Ya pili, kwamba aliyekuwa akinyonya pamoja na mwanangu si bwana harusi, ni mdogo wake, na huyo alishafariki. Bwana harusi siku hizo alikuwa anatembea, anakula ugali.

"Ziwa ni la mama," akasema sheikh nyuma ya pazia. "Halina zamu. Aliyetangulia na aliyefuata, wote ndugu zake." Akakohoa. "Poleni sana. Na hongereni, maana mmepata mtoto kila upande." Nilimchukia kwa neno hilo la pili. Nikaja kulielewa, lakini si siku ile.

Mimi ndiye niliyemwambia binti. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, wa manjano kwa singo, kisanduku mapajani. Nilidhani atapiga kelele, na nilishajiandaa kwa kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho na uso wake haukusogea, kwa sababu singo ilikuwa imekauka, na akiusogeza itapasuka. Nikaona michirizi miwili inajichora yenyewe kwenye mashavu.

"Ananyamaza akienda kazini," akasema. "Nilikuwa nawasikia wakipita. Wenziwe wote wanaimba."

Hakusema lingine mpaka kesho yake. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kupakwa hina yeye. Nilikuwa nimekusanya bakuli na njiti nikavifungia kabatini nisivione. Yule mwanamke tuliyemtuma kualika nyumba kwa nyumba alikuwa ameshatoka tena, safari hii kwenda kubisha hodi milango ile ile na kusema hakuna shughuli. Jirani walikuwa wanakuja kutupa pole na macho yao yanazunguka kutafuta sababu. Wengine walishasema kijana amegundua dosari. Wengine walisema dosari iko kwa kijana. Ndiyo ulimwengu.

Binti akatoka chumbani, ameoga, singo imetoka yote. "Mama," akasema, "nipake."

Nikasimama mbele ya kabati. Kwetu msichana hapakwi piko la harusi kama haolewi. Vidole tu, ncha, siku ya Idi. Akionekana amepakwa mpaka viwiko na hana mume, mji utakula na kulala na jina lake. Nikamweleza hayo, ingawa alikuwa anayajua kama mimi.

"Umewapaka wa watu wote," akasema. "Na lile ua la kisanduku ulinitunzia mimi tangu posa. Utampaka nani?"

Kweli nilimtunzia. Lilikuwa ua sijapata kumchorea mtu, nililitengeneza kwa kukitazama kile kisanduku, mrengaranga ule ule aliouchonga kijana, nikaupitisha mkononi kutoka kidoleni hadi kiwiko. Nikafungua kabati. Nilimpaka mchana kutwa, kimya, na mkono haukutetemeka hata mara moja. Sijui nguvu zile zilitoka wapi. Mume wangu alichungulia, akatuona, akaondoka bila kuuliza.

Ijumaa, siku ambayo ingekuwa ya harusi, baada ya sala, mkwe wangu alibisha hodi. Nasema mkwe kwa mazoea, sikuwa bado nimepata neno jengine. Alikuja na mwanawe. Alisema sheikh amewashauri waje mapema, kabla mambo hayajaota kutu, ili ndugu wajuane. Kijana akaingia nyuma yake, amevaa ile kanzu ambayo mume wangu alimshonea kwa ajili ya siku hiyo hiyo, kwa sababu hakuwa na nyengine nzuri. Akasimama katikati ya ukumbi, macho sakafuni.

Nilisikia nyayo ngazini. Binti alikuwa kwa bibi yake, anashuka, na nikageuka haraka kumwashiria arudi akavae buibui. Miaka yote ile mkono wangu ulishazoea ishara hiyo. Mama yangu akasema kutoka juu, kwa sauti iliyofika kila pembe, "Mwache apite. Ni kaka yake."

Akashuka. Hakuvaa buibui wala ushungi. Nywele zimesukwa, uso wazi, mikono mitupu mpaka viwiko na ua lote linaonekana. Akasimama mbele yake. Kijana hakuinua macho. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyezoea kuyanusuru macho yake na wanawake wa watu, na nikaona vidole vyake vinakunjana kwenye kanzu.

Mama yake akamgusa bega. "Tazama, mwanangu," akasema. "Hapana ubaya tena."

Akaanza na mikono. Aliiona, na nikajua ameitambua kazi yake, maana macho yalikwenda kidoleni yakapanda taratibu, ua kwa ua, kama anayekagua nakshi yake mwenyewe kwenye mlango wa mtu mwengine. Kisha akamtazama usoni.

Nimewapamba maharusi wengi. Nimesimama pembeni na bakuli langu nikawaona wanaume wakifunuliwa nyuso za wake zao kwa mara ya kwanza, wengine wamefurahi, wengine wameogopa, wengine wanafanya hesabu. Uso kama wa kijana yule sijauona tena. Sheria ile ile iliyompokonya mke ndiyo iliyomruhusu amwone, na vyote viwili vilimfika kwa pamoja, pale, mbele yetu mama wawili.

"Ndo weye?" akasema.

"Ndo miye," akasema binti yangu. "Kaka."

Kijana akafanya anachofanya mtu aliyeingia nyumbani kwao akitoka juani: aliomba maji. Dada yake akaenda mtungini, akamchotea.